Mwanamke wa Nguzoni: Tunamkumbuka Mwalimu Pu Huiqiong

Wasikilizaji wapendwa, mmeamkaje? Aliye jikoni apunguze moto, mboga zisiungue. Aliye kwenye meza ya mchezo wa mahjong aweke vigae chini kidogo, havitakimbia. Ni mimi, bibi yenu wa redio ya Baiyantan. Habari niliyonayo wengi mmeshaisikia sokoni, ila sokoni kila mtu anaongeza chumvi yake. Leo naomba muisikie bila chumvi.

Mwalimu Pu Huiqiong ametutoka. Nasema tena kwa aliyekuwa bado anatafuta redio iko wapi: Mwalimu Pu Huiqiong wa Chuo cha Opera, yule tuliyemwita mwanamke wa nguzoni, ametutoka Alhamisi iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Alifia nyumbani, kitandani kwake, na bintiye Shuting alikuwa amemshika mguu. Nawaambieni kweli, sisi wa umri wangu hatukudhani mwanamke yule angefia kitandani.

Kitendawili! Haya, nimesikia mmejibu. Ana mlango wa kuingilia, ana mlango wa kutokea, lakini nyumba hana. Ni nani?

Msihangaike. Ni jukwaa la opera. Upande mmoja wanaingia wafalme na wachawi, upande wa pili wanatoka, na wakifika nyuma wanavua ndevu na kuomba bakuli la tambi. Hata aliyekatwa kichwa anaomba tambi, tena na pilipili. Ndiyo maana tunacheka tukitazama. Lakini chuo chetu kilikuwa na mchezo mmoja ambao hatukuucheka. Ule tuliutazama tumeshikana mikono, hata na mtu tusiyemjua.

Mnaujua. Mwanamke mwenye dhambi anakimbizwa na askari wa kuzimu. Anakamatwa. Anasimamishwa kwenye nguzo pana ya mbao, kavaa nguo nyeupe, nywele zimeachwa. Askari anarudi nyuma mpaka mwisho wa jukwaa. Anainua mkuki wa meno matatu. Mkuki wa chuma, wasikilizaji, si wa karatasi. Ngoma inalia, mkuki unatoka mkononi, na kabla hujafumba macho umeshaingia kwenye mbao, meno yanatetemeka, kando ya shingo ya mwanamke yule. Wa pili shingo upande wa pili. Kisha makwapa. Kisha katikati ya magoti. Wa sita kando ya jicho. Wa saba juu ya utosi. Mikuki saba. Na yule mwanamke si sanamu. Ana mama, ana nepi za mtoto kwenye kamba.

Zamani, kabla ya mchezo huo, jeneza tupu liliwekwa nyuma ya jukwaa. Nililiona mwenyewe nikiwa mdogo. Wapiga matoazi walikuwa wameweka vikombe vyao vya chai juu yake, kwa sababu palikuwa pamenyooka. Sikulala wiki nzima.

Mwalimu Pu aliingia kwenye kundi la opera akiwa na miaka tisa, kwa kuwa nyumbani kwao wali haukutosha kila mdomo. Alifundishwa kuimba, kutembea kama anaelea, kusimama kwa mikono mpaka pua ivuje damu. Kisha wakamweka nguzoni. Chuo chetu kilipofunguliwa, kwenye lile jengo la matofali mekundu juu ya mto, akawa mwalimu hapo. Akabaki mpaka kustaafu. Maisha yake yote yalikuwa pale. Nguzo, mikuki, na watoto wa watu.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapa. Mchezo ule una desturi yake. Kabla ngoma haijaanza, mrusha mikuki anamwinamia yule anayekwenda nguzoni na kumuuliza, "Unaogopa?" Mpiga ngoma lazima asikie jibu. Akijibu "Naogopa," wanaanza. Akijibu "Siogopi," mikuki inafungwa kwenye kitambaa chake, na siku hiyo unachezwa mchezo mwingine.

Wageni wakisikia hivyo hushangaa. Wanasema, si ingekuwa kinyume chake? Mwalimu Pu alikuwa akiwajibu hivi: "Anayeogopa anajua sikio lake liko wapi. Anajua kiwiko chake kiko wapi. Asiyeogopa anawaza watazamaji."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kwenye kundi la utotoni alikuwepo msichana aliyemtangulia kimafunzo, Qiu'e, mwenye sauti nzuri na vishimo mashavuni. Huiqiong alimwita dada. Siku moja ya sikukuu Qiu'e aliulizwa, akacheka, akasema, "Siogopi." Mwalimu wao alikuwa mgonjwa. Mwenye kundi akaona uwanja umejaa, akasema pigeni ngoma. Huiqiong alisimama kwenye mlango wa kutokea, kashika taulo la kumfutia dada yake jasho.

Mwalimu Pu alinisimulia mara moja tu, barazani kwake, na hakumaliza. Alisema, "Lile taulo lilikuwa jeupe." Kisha akaniuliza kama nimeshaonja figili zake za chumvi.

Kwa hiyo aliogopa. Aliogopa maisha yake yote, wasikilizaji, na hakuficha. Bintiye Shuting aliniambia wiki hii, tukikunja vitambaa vya msiba: "Asubuhi ya onyesho mama alitapika. Kila onyesho. Baba alimshikia beseni, mimi nikamletea maji ya tangawizi. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wa kila mtu hutapika kabla ya kwenda kazini."

Chuoni, wanafunzi wa nguzo hawakurushiwa mkuki mwaka wa kwanza. Walirushiwa viazi vitamu. Mwalimu Pu mwenyewe alirusha, na alikuwa na shabaha, mama yule. Mtoto anasimama, kiazi kinapiga mbao kando ya shavu lake, kinapasuka. Kisha Mwalimu anaenda kumwekea kiganja kifuani. Moyo ukienda mbio, anasema, "Vizuri, kapumzike." Moyo ukiwa umetulia, anasema, "Wewe nenda kafundishwe filimbi." Viazi vilivyopasuka vilipikwa uji jioni. Watoto wa darasa lile walinenepa kuliko wote chuoni.

Akaja Xiaoman.

Xiaoman ni binti wa Shuting. Yaani mjukuu wa Mwalimu Pu. Msipotee hapo: Mwalimu Pu, bintiye Shuting, mjukuu Xiaoman. Mtoto alikua akizunguka miguuni mwa bibi yake pale chuoni, na alipofika miaka kumi na minne akasema anataka nguzo. Shuting alifunga safari mpaka chuoni na aproni yake ya kuuzia tambi.

"Mama, umekosa mtoto wa kumsimamisha kwenye mbao, mpaka umchukue wangu?"

"Kaja mwenyewe."

"Kaja mwenyewe! Hata paka huja mwenyewe jikoni. Unamtia kwenye sufuria?"

"Shuting, mwanangu, nimemrushia viazi viwili. Moyo wake ulikuwa unaruka kama kuku kwenye gunia. Anafaa."

"Anafaa kufa?"

Shuting akarudi kwenye tambi zake. Tangu siku hiyo hakukanyaga uwanja wa mazoezi.

Xiaoman alijifunza. Kiazi, kisha mwanzi, kisha mkuki wa mbao, kisha wa chuma. Mrusha mikuki alikuwa Lei Zhenbang, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu Pu mwenyewe aliyezoea kumwita dada mkubwa, mtu mpole, mkubwa kama kabati. Kila mara alimwinamia mtoto na kumuuliza. Kila mara mtoto alijibu, "Naogopa, Mjomba Lei." Na aliogopa kweli, midomo ilikuwa myeupe. Mzee Ke, mpiga ngoma, alisikia. Wakaendelea.

Ikafika siku ya wageni wa mkoa. Mnaikumbuka. Vyuo vidogo vya opera vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja, na wageni walikuja kutazama kama chetu kina haja ya kubaki. Mji mzima ulijaa ukumbini. Mimi nilikaa safu ya tatu, mfuko wa mbegu za alizeti mapajani, na mpaka leo sijui nani alizila, mimi sikula hata moja. Shuting naye alikuja. Alikaa safu ya mwisho karibu na mlango, kashika aproni.

Yaliyotokea nyuma ya jukwaa nimesimuliwa na Lei mwenyewe juzi.

Xiaoman alikuwa na miaka kumi na saba. Kapakwa poda, kavaa nyeupe, kachungulia pazia na kuwaona wageni. Lei akainama. "Unaogopa?"

Mtoto akatabasamu. "Leo siogopi, Mjomba."

Lei anasema mgongo wake ulipoa kama aliyemwagiwa ndoo. Aliiweka mikuki sakafuni. Mzee Ke alilaza vijiti vya ngoma. Mkuu wa chuo, Bwana Yin, akaja mbio.

"Mmesimama nini? Wageni wanatazama saa!"

"Kasema haogopi," akasema Lei.

"Si ndiyo vizuri?"

Bwana Yin akamgeukia mtoto. "Xiaoman, sema unaogopa. Neno moja tu."

"Haya basi," akasema Xiaoman, "naogopa."

Ndipo Mwalimu Pu akatoka kwenye kona, akiwa na pini za nywele mdomoni. Akazitoa moja moja. "La kwanza ndilo la kweli. Mvueni hiyo nguo nyeupe."

"Bibi!"

"Vua."

Bwana Yin akawa mwekundu. "Mwalimu Pu, tusidanganyane. Unamlinda mjukuu wako. Angekuwa mtoto wa mwenzio ungesimamisha mchezo?"

"Angekuwa mtoto wa mwenzangu ningeshafunga mlango wa ukumbi."

"Programu imeshasomwa! Wamekuja kutazama mikuki! Tukitoa mchezo mwingine chuo hiki kitakuwa ghala la mahindi mwakani, na hao watoto wako wote utawapeleka wapi?"

Mwalimu Pu aliwatazama wanafunzi waliosimama pale na nyuso zao za rangi. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, wasikilizaji wapendwa. Nasema tena, sitini na miwili. Alikuwa hajasimama nguzoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mwili ulikuwa umepanuka. Goti la kushoto lilikuwa bovu.

Lei akamshika mkono. "Dada mkubwa, usinifanyie hivi. Mkono wangu umezoea mwili wa mtoto. Wewe ni... wewe ni mpana."

"Sema tu mnene, Zhenbang. Tumejuana muda mrefu."

"Naogopa, dada."

"Basi tuko wawili. Uliza."

Lei akainama. Anasema machozi yalidondokea viatu vyake vya jukwaani. "Unaogopa?"

"Naogopa mpaka magoti hayanisikii."

Mzee Ke akaokota vijiti vyake.

Sisi ukumbini hatukujua lolote. Tulimwona mwanamke mwenye nguo nyeupe akiingia anakimbizwa, na kwa hatua mbili tatu mji mzima ulimtambua. Hakuna aliyetembea kama yule. Nikasikia sauti ndogo nyuma kabisa, kama mtu aliyekanyagwa. Alikuwa Shuting. Binti yake ameokoka, na hapo hapo anatazama mama yake akiegemea mbao.

Mkuki wa kwanza ukaingia. Wa pili. Nilikuwa nimemshika mkono bwana mmoja wa posta, na kucha zangu zilimwachia alama. Wa tatu ulichana mkono wa nguo, na kitambaa kikawa chekundu kidogo. Mwalimu Pu hakutikisika. Macho yake yalikuwa wazi, makubwa, na uso wake ulikuwa na hofu ambayo hakuna rangi inayoweza kuichora. Wa nne. Wa tano, katikati ya magoti.

Hapo ndipo goti la kushoto lilipoanza kutetemeka.

Lilitetemeka polepole, kisha kwa nguvu, mpaka mwili mzima ukaanza kuyumba kwenye mbao, na kichwa pamoja nao. Lei alikuwa ameshainua mkuki wa sita. Ule wa kando ya jicho. Mrusha mikuki hatupi kwa kuona tu, anatupa kwa pigo la ngoma. Pigo likilia, mkono unakwenda, haurudi.

Pigo halikulia.

Mzee Ke alikuwa ameliona goti. Akashikilia kijiti hewani. Ukumbi mzima kimya. Lei na mkuki juu ya bega, jasho linamtiririka na rangi. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamziba mdomo. Sijui ilikuwa muda gani. Mwalimu Pu alifumba macho, akameza mate, tukaona koo lake likipanda na kushuka katikati ya ile mikuki miwili. Goti likapunguza. Likapunguza. Likatulia.

Pigo likalia. Mkuki ukaingia. Na wa saba nyuma yake, juu ya utosi.

Wageni walisimama na kupiga makofi. Tulisikia baadaye walivyosema: kwamba kimya kile kabla ya mkuki wa sita ni ufundi ambao hawajauona popote mkoani, na chuo chenye ufundi wa namna hiyo kisifungwe. Basi chuo hakikufungwa. Mzee Ke alipoambiwa alienda nyuma ya jengo, akakaa chini, akashindwa kuinuka.

Lakini Xiaoman hakuwa na furaha. Alikuwa amekasirika. Wiki hii aliniambia yaliyofuata, na ameniruhusu niwaambie. Nayatoa kama alivyoyasema.

"Watu walipotoka ukumbini nilipanda jukwaani. Taa zilikuwa bado zinawaka. Mikuki ilikuwa bado kwenye mbao, bibi alikuwa amechomolewa ule wa magotini tu ili apite. Nikajiambia, ngoja nisimame, niwaonyeshe kwamba ningeweza. Urefu wetu ni mmoja. Nikajipenyeza kwa chini, nikasimama pale pale alipokuwa amesimama. Kulikuwa na nafasi tele, nikacheka. Kisha nikafanya nililokuwa nimepanga kulifanya siku ile. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nimepanga kwamba pigo la mkuki wa sita likikaribia, nitageuza uso kwa wageni. Nikaugeuza."

Hapa alijigusa kando ya jicho.

"Jino la mkuki likanigusa kwenye kope. Chuma cha baridi. Ulikuwa umeingia kwenye mbao mahali ambapo jicho langu lingekuwa. Nilitaka kutoka, miguu ikakataa. Nikabaki mle ndani kama aliyepigiliwa. Nikamwita bibi. Nilimwita kama nilivyokuwa nikimwita nikiwa na miaka mitatu."

Mwalimu Pu alikuja na kiatu kimoja, mkono umefungwa kitambaa. Alichomoa mkuki mmoja mmoja, akauweka chini. Mtoto alipotoka, ndipo akamuuliza.

"Ulitaka kufanya nini?"

"Kutabasamu, Bibi. Nilitaka wageni wanione nikitabasamu."

Mwalimu Pu akakaa sakafuni. Mwanamke aliyesimama mbele ya mikuki tangu utoto, hapo ndipo miguu ilipomwishia.

Kitendawili cha pili, wasikilizaji wapendwa. Mgeni wangu haingii kwa kubisha. Anakaa kifuani, anakula chakula changu, ananinyima usingizi, na nikimfukuza nakufa. Watoto wanaosikiliza watasema ni pumzi. Mmekaribia. Mimi nasema ni hofu. Mwalimu Pu aliishi na mgeni huyo miaka sabini na akamtandikia kitanda.

Xiaoman aliomba kubaki. Bibi yake alimrudisha kwenye viazi vitamu, kama mtoto wa mwaka wa kwanza, na ilipita miaka miwili kabla hajamruhusu tena kusimama mbele ya chuma. Alisimama. Mpaka leo anasimama. Lei amestaafu, anayerusha sasa ni mwanafunzi wake, na Xiaoman ndiye mwalimu wa nguzo hapo chuoni.

Tunawapa pole wafiwa wote. Pole sana Shuting, mwanangu. Pole Xiaoman. Pole Lei Zhenbang, uliyebeba uhai wa dada yako mkononi ukaurudisha salama. Pole chuo kizima, kuanzia mkuu mpaka yule anayefagia jukwaa. Mwalimu Pu Huiqiong ametutoka, na tumshukuru.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Tumezoea kuwakemea watoto: acha uoga, wenzako mbona hawaogopi? Mtoto naye anajifunza kusema haogopi, kwa sababu ndilo jibu linalotufurahisha. Leo jioni mkikaa mezani, mtoto akisema anaogopa mtihani, au maji, au mtu fulani, msimcheke. Mwekeeni kiganja kifuani. Mwacheni aseme mpaka amalize.

Siku ya arobaini na tisa ya msiba, siku ya kumaliza matanga, chuo kitamchezea Mwalimu Pu mchezo wake, alasiri, mlango uko wazi kwa wote. Nguzoni atakuwa Xiaoman. Shuting hataingia. Tangu ile siku ya wageni hajaingia tena ukumbini. Mtoto wake akisimama nguzoni, yeye hukaa nje kwenye ngazi, mgongo kwa mlango, akisikiliza ngoma.

Safari hii nitakaa naye pale ngazini. Nitachukua chupa ya chai na vikombe viwili. Na nikiona mikono yake inatetemeka nitaishika, lakini kumwambia asiogope, hilo sitalisema.